Nilipofuka nikiwa na miaka 41. Kisogo changu kinafanya kazi gani sasa?

Mwl Tarakea (mwanzisha uzi) #1

Habari za usiku wanajukwaa. Uzi ni mrefu, mwenye haraka alale kwanza, atanikuta kesho.

Nilikuwa mwalimu wa baiolojia, sekondari. Presha ya macho iliniingia kimyakimya, ikaanza kula pembeni. Nikawa najikwaa kwenye ndoo na kugonga bega mlangoni, nikadhani ni uzembe wangu. Nilipofika hospitali, mshipa wa fahamu wa jicho la kulia ulikuwa umeshakufa na wa kushoto unamalizikia. Nikiwa na miaka 41, siku moja nikaingia kidato cha pili B nikaandika ubaoni juu ya maandishi ya mwalimu aliyenitangulia. Sikuyaona. Wanafunzi wangu wale, wanaocheka hata kikohozi, hawakucheka. Hapo ndipo nilipojua imekwisha.

Huu ni mwaka wa sita. Naandika kwa simu inayonisomea kila herufi ninayoigusa, kwa hiyo neno likipinda mlinyooshe wenyewe.

Kilichonileta ni maruweruwe. Wiki ya tatu baada ya mwanga kuisha kabisa, nilianza kuona. Si ndoto, nilikuwa nimekaa macho nakunywa uji. Kwanza vigae: ukuta mzima wa vigae vidogo vya zambarau vinavyotambaa kama siafu. Baada ya siku chache wakaja watoto wa sare, warefu kama chupa ya chai, wanapita kwa foleni kutoka kabatini kwenda mlangoni. Kola zao nyeupe niliziona hadi nyuzi. Macho yangu ya zamani, hata yalipokuwa mazima, hayakuwahi kuona kitu kwa ukali ule. Hawasemi na hawaniangalii. Nikigeuza macho upesi, wanatoweka.

Nilikaa na siri hiyo miezi minne. Niliogopa kuongezewa wazimu juu ya upofu. Nilipomwambia mke wangu, akamwambia shangazi, na shangazi kama kawaida ya mashangazi alikuwa anamjua mtu. Nikafukizwa, nikaogeshwa majani, kondoo akaondoka. Jioni ileile ya mafusho watoto wa sare walikuja wengi zaidi.

Aliyenitoa huko ni mpwa wangu anayesomea udaktari. Akanisomea kwamba kitu hiki kina jina la Charles Bonnet, mwanasayansi wa Geneva, ambaye mwaka 1760 aliandika habari za babu yake mzaa mama, Charles Lullin. Mzee yule, umri karibu miaka 90, macho yakiwa yameharibika kwa mtoto wa jicho, alikuwa anaona wanaume, wanawake, ndege na majengo ambayo hayakuwepo. Akili yake ilikuwa timamu. Alijua hawapo, na alikuwa anafurahia kuwatazama.

Nililia siku ile, nawaambia ukweli. Tangu hapo nimekuwa namsumbua mpwa wangu anisomee kila anachokipata kuhusu ubongo wa mtu aliyepofuka ukubwani. Ninachotaka kujua ni kimoja: ile sehemu kubwa iliyokuwa inaonea, pale nyuma ya kichwa, sasa inafanya nini? Imelala? Imekufa? Imepewa mpangaji mwingine? Nina majibu kiasi, nitayaleta. Wenye uzoefu mkae karibu.

Kapuku wa Kigamboni #2

Nimevuta stuli. Endelea mwalimu.

Mzee wa Mwambao #3

Mwalimu, pole sana. Ila nakwambia kwa mapenzi, si kila kitu kimo vitabuni. Bibi yangu huku Tanga ana miaka mingi haoni vizuri, na kila alasiri anasema uani kuna watu. Sisi tunajua ni wenyewe wenye pahala. Tumeshawaandalia chano mara mbili. Mtu hana macho, anaona kwa kutumia nini? Nijibu hilo tu.

Mwl Tarakea #4

Shekhe wangu, hilo swali lako ndilo uzi wenyewe.

Macho hayaoni. Macho yanapokea mwanga na kuugeuza kuwa mapigo ya umeme, basi. Mapigo yanasafiri kwa mshipa wa fahamu hadi katikati ya kichwa, yanapokezana pale, halafu yanafika kisogoni. Sura, rangi na mwendo vinatengenezwa huko. Ukiota usiku huku kope zimefungwa, unaona kwa kutumia nini? Ni kwa kisogo hichohicho.

Sasa chembe za ubongo zilizozoea kupokea mapigo mchana kutwa, ukizikatia ghafla, hazikubali kukaa kimya. Zinakuwa nyepesi kushtuka, zinaanza kupiga zenyewe. Mwaka 1998 Dominic ffytche na wenzake wa London waliwaweka kwenye mashine ya MRI, ile inayoonyesha sehemu ya ubongo inayofanya kazi, watu wenye hali hii wakati maruweruwe yanawajia. Anayeona rangi, sehemu ya rangi ndiyo iliyowaka. Anayeona nyuso, sehemu inayoshughulika na nyuso.

Na haihitaji upofu. Boston waliwafunga vitambaa machoni watu 13 wenye macho mazima kwa siku tano mfululizo. Kumi kati yao waliona vitu: vimulimuli, nyuso, mandhari, mapambo. Wengine ilianza baada ya siku moja tu. Sasa shekhe, wenye pahala wa Tanga wamefikaje Boston?

Mzee wa Mwambao #5

Wana usafiri wao.

Mpima Macho #6

😂 Mzee wa Mwambao.

Mimi ni afisa wa macho, naomba kuongeza mambo mawili kabla uzi haujakimbia. Alichoeleza mwalimu ni sahihi, na tunakutana nacho mara nyingi kuliko watu wanavyodhani kwa sababu wagonjwa wanaficha. Mimi siku hizi nauliza mwenyewe: "Mzee, kuna vitu unaviona ambavyo wenzako hawavioni?" Wengi wanashusha pumzi kabla ya kujibu.

Lakini si kila maruweruwe ni haya. Ya Bonnet ni ya macho peke yake, hayana sauti wala harufu, na mwenyewe anajua si kweli, au akielezwa anaelewa upesi. Ukiona mgonjwa anasikia sauti zinazomwamrisha, anachanganya siku, ana homa, anatetemeka, au ameanza dawa mpya, huyo apelekwe hospitali leo, si kesho.

La pili: mwalimu ana presha ya macho. Ndugu zake wa kuzaliwa na watoto wake wapimwe. Hatari kwao ni kubwa kuliko kwa mtu mwingine, na kilichopotea hakirudi.

Nukta Sita #7

Mwalimu karibu kijijini. Mimi sioni tangu nikiwa na miaka miwili, surua. Nimesoma bweni, nukta nundu naisoma huku naongea na wewe. Sijawahi kuona kitoto cha sare wala kigae, hata kimoja. Nikiota naota sauti, mahali, joto, watu wakinishika.

Nina swali la siku nyingi. Huwa nawafundisha nukta nundu watu waliopofuka ukubwani. Wana akili, wana bidii, wengine wana digrii. Lakini kidole kinatambaa kama konokono. Mtoto wa miaka saba anawapita. Je, ni vidole au ni kichwa?

Mwl Tarakea #8

Nukta Sita, mimi na wewe tumegawana jina la upofu tu. Ndani ya fuvu tuko mbalimbali kabisa.

Mwaka 1996 Norihiro Sadato na wenzake, wakifanya kazi Marekani, waliwapima watu wasioona tangu utotoni wakiwa wanasoma nukta nundu. Kisogo kiliwaka, tena lile eneo la kwanza kabisa la kupokea picha. Kidole kinagusa karatasi, chumba cha macho kinawaka! Watu wakasema pengine ni kelele tu. Mwaka uliofuata Leonardo Cohen na wenzake wakachukua sumaku ile inayopiga mapigo kupitia fuvu, wakaielekeza kisogoni wakati mtu anasoma. Msomaji akaanza kukosea. Wengine wakasema nukta zimepotea, wengine kwamba zimeongezeka nukta ambazo hazipo. Wenye macho wakipapasa herufi za kunundika, sumaku hiyohiyo haikuwavuruga. Kwa hiyo kisogo chako, mwalimu mwenzangu, kinasoma.

Kuna na mama mmoja wa Hispania, kisa chake kilichapishwa mwaka 2000. Haoni tangu kuzaliwa, hodari wa nukta nundu kama wewe. Kiharusi kikampiga kisogo, kulia na kushoto. Mwenye macho angepofuka. Yeye alikuwa hana cha kupofuka, akapoteza kusoma. Vidole vizima, nukta anazihisi kuwa zipo, ila hazimwambii kitu.

Sasa sisi wa ukubwani. Kwetu Rombo tuna kahawa, nitaeleza kwa kahawa. Mtoto mdogo huwa na miunganiko ya neva mingi kuliko anayoihitaji, kama mbuni ambao haujapogolewa. Mtoto anayeona, mwanga ndio mkasi: matawi yanayobeba picha yanabaki, mengine yanakatwa. Kwako mkasi huo haukupita, na ndiyo sababu wasioona tangu utotoni wakipimwa, gamba (tabaka la juu la ubongo) la eneo hilo hukutwa ni nene zaidi. Matawi yaliyobaki yakapata kazi: kugusa, kusikia, hata lugha na kukumbuka maneno. Waliojaribu kutafuta mlango unafungwa lini walikuta umri wa takriban miaka 14 hadi 16. Mimi nilipofuka na 41. Matawi yangu yalishakuwa kuni zamani.

Kipimo kilichoniuma kuliko vyote ni cha Ubelgiji, mwaka 1990. Walipima sukari inayotumiwa na gamba la kuonea. Kwa waliopofuka wadogo, sukari inatumika nyingi kuliko kawaida. Kwa waliopofuka wakubwa, imepungua. Mpwa wangu alisoma ile sentensi akanyamaza. Nikamwambia rudia.

Kapuku wa Kigamboni #9

Kwa hiyo mwalimu, mtu mzima ndiyo basi tena? Maana huku mitandaoni tunaambiwa ubongo ni kama udongo wa mfinyanzi, unaufinyanga hata ukiwa na miaka 80.

Afya Njema Duka #10

Kwa wote wenye matatizo ya ubongo na macho tuna virutubisho vya kuamsha seli zilizolala, dozi ya miezi mitatu, njoo inboksi

Mpima Macho #11

Afya Njema, mshipa wa fahamu wa jicho ukishakufa hakuna kirutubisho kinachouamsha. Nimewapoteza wagonjwa waliouza mbuzi kununua dozi kama hizo, wakaacha matone ya presha ya elfu chache yaliyokuwa yanawalindia jicho lililobaki. Wasimamizi, mnaona?

Mwl Tarakea #12

Asante dada. Kapuku, swali lako lina majibu mawili na wataalamu wenyewe bado wanakabana mashati.

Upande wa matumaini: Boston tena, kundi la Alvaro Pascual-Leone na Lotfi Merabet, walichapisha mwaka 2008. Watu wazima wenye macho yao walifungwa vitambaa siku tano, mchana na usiku, wakifundishwa nukta nundu. Walijifunza kuliko wenzao ambao hawakufungwa. Siku ya tano kisogo chao kikaanza kuitika kwa mguso, na sumaku ikipigwa pale wanakosea kusoma, kama ilivyokuwa kwa akina Nukta Sita. Kitambaa kikafunguliwa. Baada ya saa 24 hakuna kitu, kisogo kimerudi kuwa cha macho.

Fikirini hapo. Siku tano hazitoshi kuotesha waya mpya kutoka kidoleni hadi kisogoni. Na kama zingeota, zisingeng'oka kwa siku moja. Maana yake njia zilikuwepo muda wote, nyembamba, zimefunikwa na msongamano wa macho. Barabara kuu ikifungwa pale Ubungo, bodaboda wote wanaingia njia za panya, na hakuna aliyezijenga asubuhi ile. Barabara ikifunguliwa, mitaa inatulia tena. Ubongo wa mtu mzima, kwa ninavyoelewa, mabadiliko yake mengi ni ya namna hiyo.

Upande wa pili ni ugomvi. Mwaka 1992 Charles Gilbert na Torsten Wiesel (huyu Wiesel ndiye aliyepata Nobel ya 1981 pamoja na Hubel) walionyesha kwamba ukitoboa doa dogo kwenye retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) ya mnyama aliyekomaa, chembe za kisogoni zilizokuwa zinalitegemea doa lile zinaanza kusikiliza majirani. Zile za pembezoni zinaanza ndani ya dakika. Ikawa habari kubwa: gamba limejipanga upya. Mwaka 2005 Stelios Smirnakis na wenzake wakawafuatilia nyani kwa miezi saba na nusu kwa MRI, wakasema hatuoni kujipanga upya kokote, shimo liko palepale. Mwaka 2011 wakapimwa wazee ambao katikati ya retina imekufa kwa uzee. Jibu likawa lilelile: hakuna uhamisho mkubwa. Na mwaka 2023 Tamar Makin na John Krakauer wakaandika moja kwa moja kwamba habari za gamba moja kugeuka kuwa gamba jingine zimekuzwa mno. Wanasema kinachotokea ni kuimarisha uwezo uliokuwemo tangu mwanzo, kwa mazoezi.

Mimi nimekaa upande wa hao wakaidi, na sababu yangu si ya kitaalamu sana. Ni watoto wa sare. Kama kisogo changu kingekuwa kimepangishwa kwa masikio, mbona bado kinatoa picha?

Halafu kuna jaribio la Elche, Hispania, lililochapishwa 2021. Mama wa miaka 57, haoni kwa miaka 16, akapandikizwa kisahani chenye vijisindano 96 kwenye gamba la kuonea kwa miezi sita. Vilipopitishiwa umeme akaona vinukta vya nuru, akatambua mistari na baadhi ya herufi. Miaka 16 gizani, na eneo lile bado likiguswa linajibu kwa nuru. Linganisha na wasioona wanaosoma nukta nundu kwa ustadi: kuna waliopigwa sumaku kisogoni wakahisi kuguswa VIDOLENI. Mlango ni uleule, ila anayeitikia ndani si yuleyule.

Nukta Sita, hilo ndilo jibu la konokono wako. Kidole chake kizima kabisa. Tatizo ni kwamba kinabisha nyumba ambayo bado inamsubiri mwenyewe arudi.

Nukta Sita #13

Umenipa cha kuwaambia. Nilikuwa nawafokea.

Lakini wanafika, mwalimu. Taratibu, lakini wanafika. Nina mzee mmoja alianza na miaka 58, sasa anasoma risala kanisani. Herufi saba nane kwa pumzi moja halafu anatua, waumini wameshamzoea.

Wa Kiambu #14

Wadau, salamu kutoka Kenya. Nimesoma yote, mko na uzi moto. Hebu niulize: mnamkumbuka Henry Wanyoike? Jamaa wa Kikuyu, alikuwa mkimbiaji tu wa kawaida, akapoteza macho 1995 akiwa kijana wa miaka ishirini hivi. 2000 Sydney akabeba dhahabu ya mita 5,000, na aliyekuwa anamwongoza akaishiwa nguvu, Wanyoike ndiye akamvuta mpaka mwisho! Si hiyo inaonyesha mwili unakupatia nguvu zingine? Na kuna wale wanapiga ulimi "tk tk" wanajua ukuta uko wapi. Hiyo si masikio kuongezeka?

Mwl Tarakea #15

Wa Kiambu, karibu sana. Wanyoike alikuwa na mapafu na miguu kabla ya giza. Alichokiongeza ni ukaidi, na kamba ya mkononi.

Masikio hayaongezeki. Ukipima kiwango cha chini cha sauti ambacho mtu anaisikia, asiyeona na anayeona wako sawa. Kinachobadilika ni namna ya kuitumia sauti ileile. Mimi sasa najua mlango wa jikoni uko wazi kwa jinsi redio inavyosikika, zamani redio ilikuwa redio tu.

Ya ulimi ni kweli kabisa. Mwaka 2011 Lore Thaler na wenzake waliwapima wasioona wawili wanaotumia mwangwi. Kwenye sauti zenye mwangwi eneo la kuonea liliitika kwa wote wawili, kwa nguvu zaidi kwa yule aliyepofuka mdogo. Kilichonitia moyo ni cha 2021, Durham, Uingereza: watu wa miaka 21 hadi 79, wanaoona na wasioona, walifundishwa wiki 10. Wote walipiga hatua na umri haukuwa kikwazo. Basi nikaanza mazoezi kila jioni barazani, natoka na kurudi huku napiga ulimi kuelekea ukuta wa jirani. Wiki ya kwanza mke wangu alikuwa anauliza nani kaita kuku. Wiki ya sita nilisimama ghafla nikasema "hapa kuna kitu." Kulikuwa na pikipiki ya mgeni.

Sikuiona. Ilikuwa kama hewa imekuwa nzito mahali pamoja.

Mama Watatu #16

Samahani kutoka nje ya mada kidogo. Baba yangu macho yote mawili yalitolewa baada ya ajali. Tatizo letu ni usiku. Wiki mbili analala kama sisi, halafu anaanza kusogea, anaamka saa nane usiku anataka chai, mchana anasinzia, baadaye anarudi sawa. Tumemwambia aache kulala mchana mpaka tumegombana. Ni ubongo pia?

Mpima Macho #17

Mama Watatu, hujatoka nje ya mada. Ndani ya retina kuna chembe chache ambazo kazi yake si kuona. Zinapima tu kama kumekucha, zinapeleka taarifa kwenye saa ya mwili iliyo chini ya ubongo. Saa hiyo ikiachwa yenyewe, kwa watu wengi inazidi saa 24 kwa dakika kadhaa. Mwanga wa asubuhi ndio unaoirekebisha kila siku. Wapo wasioona kabisa ambao chembe hizo bado hai, wanalala vizuri tu. Mzee macho yalitolewa, kwa hiyo hana cha kuirekebishia, dakika zinalimbikizana, usiku wake unazunguka saa zote za siku kisha unarudi. Si ukaidi na si uvivu. Mwelezeni daktari hivyohivyo, zipo dawa zinazosaidia. Nyumbani, saa za kula, kuoga na kutembea zisibadilike.

Mama Watatu #18

Jamani. Tumemsema miaka miwili.

Nukta Sita #19

Mwalimu, naomba kukuuliza jambo la ndani, usipotaka usijibu. Mimi sijawahi kuwa na picha za watu kichwani. Wewe ulikuwa nazo. Ya mkeo bado unayo?

Mwl Tarakea #20

Nitajibu.

Kuna watu wawili nawafikiria sana kwa ajili ya hilo swali. John Hull alikuwa mhadhiri wa Birmingham, mwanga wake wa mwisho ukazimika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Yeye aliachia. Miaka michache baadaye picha zikamtoka kichwani zote, hata akawa hakumbuki tarakimu 3 inaelekea wapi mpaka aichore hewani kwa kidole. Akasema ameingia upofu wa kina, na huko ndani akakuta mvua inamchorea bustani: hapa inapiga jani, pale bati, pale ngazi.

Mwingine ni Zoltan Torey wa Australia, aliyepofuka mwaka 1951 akiwa na miaka 21, ajali ya tindikali kiwandani. Aliambiwa aachane na picha, akakataa. Akawa anajenga kila kitu kichwani na kukihakiki. Alipanda paa la nyumba yake akabadilisha mifereji yote peke yake, usiku. Majirani waliogopa. Kwake usiku ulikuwa na tofauti gani?

Kisogo ni kilekile, upofu wa ukubwani uleule, na kila mmoja kaishia kwake. Ndiyo maana nawachukia wanaosema "ubongo wa kipofu hufanya hivi." Upi?

Mke wangu. Picha niliyonayo ni ya mwaka ule ninaoukumbuka vizuri, 2016 hivi, ana kitambaa cha kijani. Mwanzoni ilikuwa inakuja yenyewe akiongea. Sasa naiita. Siku nyingine inachelewa, inakuja pua kwanza, na mdomo nakuwa naukisia. Watoto wa sare wanakuja bila kuitwa, kola hadi nyuzi. Yeye ninayemtaka ndiye anafifia. Mpwa wangu ameniambia kuona na kukumbuka kuona vinatumia njia zinazopishana tu sehemu fulani. Nimemwelewa. Haijanisaidia.

Kila Jumapili nampapasa uso. Anasema namchafulia poda.

Kapuku wa Kigamboni #21

Mwalimu umeniacha kimya. Swali dogo la kubadilisha hewa: wakigundua dawa kesho ukarudishiwa macho, utaona papo hapo?

Mwl Tarakea #22

Mimi pengine ndiyo, kwa ukungu, kwa sababu nyumba ilishajengwa. Aliyepofuka mchanga ndiye mwenye kazi. Sidney Bradford, Mwingereza, alipofuka akiwa hata mwaka hajatimiza, akapandikizwa konea, kile kioo cha mbele ya jicho, mwaka 1958 akiwa na miaka 52. Herufi kubwa alizozijua kwa vidole alizisoma kwa macho mara moja, lakini nyuso hazikumwambia kitu. Alipopelekwa jumba la makumbusho akaonyeshwa mashine ya kukereza ambayo maisha yote aliitamani, hakuielewa mpaka alipofumba macho akaipapasa. Alipofumbua, akasema sasa anaiona. Alikufa mwaka 1960, akiwa na huzuni nyingi. Michael May wa Marekani alipofuka na miaka mitatu, akarudishiwa jicho mwaka 2000: mwendo na rangi sawa, sura za watu bado zinamshinda.

Mimi ugonjwa wangu ni mshipa, si konea wala lenzi. Sisubiri.

Mzee wa Mwambao #23

Mwalimu, nimekuwa msomaji kimya siku nne hizi. Jana nimekwenda kwa bibi peke yangu nikakaa naye uani. Nikamuuliza kama alivyosema Mpima Macho, taratibu. Akaniambia ni harusi. Kila alasiri harusi, wanawake wa leso wadogowadogo wanapita kwenye ukuta wa choo, hawamalizi. Nimemtazama macho yake karibu, katikati kuna weupe kama maziwa, yote mawili. Jumatatu tunampeleka.

Mpima Macho #24

Huo weupe unaelekea kuwa mtoto wa jicho, na huo unatolewa. Usimwahidi kwamba harusi itakwisha, wengine inakwisha na wengine inabaki. Mwahidi kupimwa tu.

Mwl Tarakea #25

Shekhe, hongera kwa kukaa naye. Hebu muulize kitu kimoja kwa niaba yangu: hiyo harusi ina ngoma?

Mzee wa Mwambao #26

Nimempigia sasa hivi. Anasema haina sauti hata kidogo. Ndiyo maana yeye hakuwahi kusema ni majini. Tuliosema ni sisi.